Kufunga kidhibiti joto cha nje kwenye tanuri la moshi la umeme: mwongozo kamili

Tanuri la moshi la umeme, lile la kupikia nyama kwa moshi wa vipande vya mti, likianza kusumbua joto, mara nyingi koili yake ya kupashia joto bado ni nzima. Kilichochoka ni udhibiti: themostati inayoacha joto lipande mbali juu ya kiwango ulichoweka kisha lishuke mbali chini yake, au bodi ya kielektroniki ambayo vitufe vyake vimeacha kuitika. Bodi hizo nyingi hukaa juu ya tanuri, palepale joto na mvuke wenye mafuta unapopandia, kwa hiyo hazidumu. Sanduku lenyewe, mlango, trei na koili vinaweza kufanya kazi miaka mingi baada ya bodi kufa. Kutupa kitu kizima namna hiyo kwa sababu ya bodi ya kiganjani ni hasara inayoniuma, na ndiyo maana nimeandika kazi hii kwa kirefu: tunaliachia tanuri waya chache tu, na udhibiti wote tunauhamishia kwenye kasha dogo linalokaa nje.

Sharti moja nalitanguliza. Kwenye ukuta wa nyuma wa tanuri kuna swichi ndogo ya mviringo ya usalama wa joto. Hukata umeme joto likipita kiasi. Swichi hiyo haitolewi na wala hairukwi kwa waya. Itabaki kwenye njia ya umeme wa koili hadi mwisho wa kazi. Sababu utaiona tukifika kwenye rilei, yaani swichi inayowashwa na kuzimwa kwa umeme.

Na kama hujawahi kufunga hata plagi, mwite fundi umeme umsomee mwongozo huu. Umeme wa nyumbani unaua, na tanuri ni sanduku la chuma linaloguswa na mikono yenye maji na chumvi.

Je, tanuri lako linahitaji kufungwa upya?

Kama lina kitufe cha kuzungusha tu, bila kioo cha tarakimu, huenda huna haja ya kuligusa ndani. Zungusha kitufe hadi mwisho, chomeka plagi ya tanuri kwenye soketi ya kasha la kidhibiti, na kidhibiti kitakuwa kinawasha na kuzima chenyewe. Ruka moja kwa moja hadi sehemu ya kasha.

Tanuri la kidijitali halikubali njia hiyo. Kila umeme unapokatika bodi yake husahau kila kitu, na ukirudi hukaa kimya ikingoja ubonyeze kitufe. Kidhibiti cha nje hukata na kurudisha umeme kila baada ya sekunde chache, kwa hiyo koili isingewaka kamwe. Hapo lazima bodi itoke.

Vifaa

Utahitaji kidhibiti cha PID, yaani kinachopima joto na kukadiria chenyewe umeme wa kutoa ili lengo lishikwe, chenye njia ya kutolea ya kuendesha SSR, yaani rilei ya kielektroniki isiyo na sehemu inayosogea. Kagua jambo hili kwa makini unaponunua. Vidhibiti viwili vinaweza kufanana sura na jina, kimoja kikiwa na rilei ya kawaida ndani na kingine kikitoa volti chache za DC (umeme kama wa betri) kwa ajili ya SSR. Niliwahi kununua kilichoandikwa SSR kwenye tangazo, kikafika kina rilei ndani. Kabla ya kukifunga, soma lebo ya ubavuni, kisha kiwashe na upime matundu ya kutolea: cha SSR hutoa DC, kwa kawaida kama volti 12, wakati taa ya OUT, inayoonyesha kwamba kidhibiti kinaagiza koili iwake, imewaka. Kisichotoa volti yoyote ni cha rilei.

Rilei yenyewe iwe ya ampea 25 au 40, upande wa kuingilia volti 3 hadi 32 za DC, upande wa mzigo, yaani wa koili, AC (umeme wa ukutani). Mzigo wako hautafika hata nusu ya ampea hizo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa, maana rilei za bei ya chini hazibebi namba zilizoandikwa juu yake. Nunua pamoja na bamba lake la alumini la kupozea na mafuta meupe ya kupitishia joto.

Ongeza themokapo (kihisi joto cha waya mbili za metali tofauti) ya aina ya K yenye kichwa cha chuma na waya uliosukwa, kasha la chuma lenye nafasi ya kutosha, fyuzi na kishikizi chake, swichi kuu inayokata laivu na nyutro kwa pamoja, soketi moja ya kufunga kwenye kasha, na kebo yenye plagi ya pini tatu.

Kuhusu waya, usibane matumizi. Waya wa kawaida wenye ganda la PVC hulainika kwenye nyuzi 70 na kidogo, na nyuma ya ukuta wa tanuri pana joto zaidi ya hilo. Ndani ya tanuri tumia waya wenye ganda la silikoni au nyuzi za glasi, unaovumilia nyuzi 180 au zaidi. Milimita 1.5 za mraba zinatosha kwenye umeme wa volti 230. Kwenye volti 120 tumia 2.5, kwa sababu nguvu ileile hubeba karibu ampea mara mbili. Tamino bapa za kuchomeka kwenye koili ziwe za chuma kilichopakwa nikeli, zilizotengenezewa joto. Zile za shaba zenye kishikio cha plastiki cha rangi zinafaa kwenye gari, hapa hazifai.

Pima koili kwanza

Chomoa plagi. Kuzima swichi hakutoshi. Pindua tanuri au liegemeze, utafute kifuniko kidogo cha bati mgongoni usawa wa koili. Hufungwa kwa skrubu, au kwa ribiti ambazo utazitoboa kwa keekee. Usisukume ncha ndani sana, kuna sufi ya glasi, na nyuma yake kuna waya.

Piga picha kabla ya kuchomoa chochote. Kisha chomoa waya mbili za koili na upime omu kati ya pini zake. Hesabu ni volti mara volti gawanya kwa wati. Koili ya wati 800 kwenye volti 230 itasoma karibu omu 66. Ya wati 800 kwenye volti 120 karibu omu 18. Tofauti ndogo isikutishe. Mita isiposoma kitu, koili imekatika na inabidi ibadilishwe kabla ya kuendelea.

Pima pia kati ya kila pini na sanduku la chuma la tanuri. Hapo hutaki njia yoyote ya umeme. Tanuri lililokaa miezi kadhaa kwenye unyevu linaweza kuvuja kidogo, kwa sababu unga wa magnesia uliomo ndani ya koili hunyonya maji, na dalili yake ni swichi ya kinga ya nyumbani kuruka mara tu unapowasha. Ikikauka hupona. Ikiendelea kuvuja baada ya kukauka, itupe.

Sasa zitazame zile tamino ulizochomoa, maana ndizo zinazoua matanuri mengi. Kwenye tanuri la kwanza nililofungua, kioo kiliwaka, namba zilibadilika, lakini joto halikupanda. Koili ilisoma vizuri. Kumbe tamino moja ilikuwa nyeusi kama mkaa. Nilipoigusa na koleo ikavunjika vipande, na ganda la waya lilikuwa gumu na lenye nyufa kwa urefu wa kidole. Tamino ilikuwa imelegea. Mguso uliolegea ukifikia omu moja tu, ampea 5 zikipita pale zinazaa wati 25 za joto kwenye kipande cha chuma kisichozidi ukucha. Joto linaleta kutu, kutu inaongeza ukinzani, ukinzani unaongeza joto. Kwa hiyo kata waya hadi ufikie shaba inayong'aa, ng'arisha pini za koili kwa msasa laini, bana tamino mpya kwa koleo la kubania, kisha uivute kwa nguvu. Ikitoka, hukuibana.

Ndani ya tanuri

Toa bodi ya juu na waya zake zote. Njia inayobaki ni fupi: laivu kutoka kwenye plagi inaingia kwenye swichi ya usalama wa joto, inatoka kwenda pini ya kwanza ya koili, pini ya pili inarudi nyutro. Waya wa ethi unafungwa kwa skrubu na washa ya meno kwenye chuma kisafi cha sanduku la tanuri. Kwangua rangi mahali hapo. Pima omu kati ya pini ya ethi ya plagi na mlango wa tanuri. Isome karibu na sifuri.

Swichi ya usalama nayo ipimwe, maana inaweza kuwa imeganda. Ifungue, shika pini zake kwa klipu za mita, uipulizie hewa ya moto ya bunduki ya joto. Ikifika kiwango chake utasikia mlio mdogo wa chuma, na mita itaacha kusoma. Baadhi hujirudi zenyewe zikipoa, nyingine zina kitufe cha kubonyeza. Kama imekufa, weka nyingine yenye kiwango kilekile kilichoandikwa mgongoni. Usipandishe.

Ukimaliza, andika kwenye plagi ya tanuri kwa kalamu isiyofutika: KUPITIA KIDHIBITI TU. Kuanzia sasa mtu akiichomeka ukutani moja kwa moja, koili itawaka bila kuzima na kitakachobaki kuizuia ni swichi ya usalama peke yake.

Kasha la kidhibiti

Laivu kutoka plagi ya ukutani inapita kwenye fyuzi ya ampea 10 (kwa koili ya wati 800 hadi 1,000, au ya hadi 1,500 kwenye volti 230), kisha swichi kuu, halafu inagawanyika mara mbili. Tawi moja linakwenda kwenye tundu la laivu la kidhibiti. La pili linakwenda namba 1 ya SSR, linatokea namba 2 kwenda tundu la laivu la soketi. Nyutro nayo inapita swichi kuu, kisha inakwenda kwenye kidhibiti na kwenye soketi. Ethi inafungwa kwenye kasha lenyewe, kwenye bamba la kupozea na kwenye soketi. Mwisho waya mbili nyembamba: chanya ya kidhibiti kwenda namba 3 ya SSR, hasi kwenda namba 4. Ukizigeuza hakuna kitakachoungua kwa kawaida, ila rilei haitawaka.

SSR inapopitisha umeme hutoa joto la wati moja na zaidi kidogo kwa kila ampea. Kwa ampea 5 si nyingi, lakini ndani ya kasha lililofungwa joto hujikusanya. Funga bamba kwenye ukuta wa kasha, mapezi yakiwa nje au karibu na matundu ya hewa, na upake mafuta meupe kwa safu nyembamba.

Sasa lile sharti la mwanzo. Rilei ya kawaida ikifa, inaweza kubaki imekata umeme na tanuri likapoa. SSR ikifa, mara nyingi hushikana: umeme unapita muda wote hata kidhibiti kikisema zima. Kioo kitakuonyesha joto likipanda na taa ya OUT ikiwa imezimika, na kidhibiti hakina la kufanya. Kinachosimama kati ya hapo na moto wa mafuta ni ile swichi ya mviringo.

SSR pia huvujisha umeme kidogo sana hata ikiwa imezimwa. Huo mdogo unatosha kukupiga, kwa hiyo usiguse waya za koili kwa kuamini kwamba taa ya OUT imezimika. Chomoa plagi kila mara.

Themokapo

Pitisha themokapo kwenye tundu lenye pete ya silikoni, au kwenye tundu la hewa lililopo tayari. Kichwa kiwe usawa wa trei unayotumia zaidi, kiguse hewa tu: sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye chakula, mbali na ukuta, na kisiwe juu ya koili. Kikiwa karibu na nyama baridi kitasoma chini na tanuri litazidisha; kikiwa juu ya koili kitasoma juu na chakula hakitaiva. Kifunge kwa klipu ya chuma ili kisidondoke, maana themokapo iliyoanguka nje ya tanuri inasoma joto la chumba, na kidhibiti kitachochea koili bila kukoma.

Zingatia chanya na hasi. Rangi hutofautiana: kwa kanuni za IEC (shirika la kimataifa la viwango vya umeme) chanya ya aina K ni kijani na hasi nyeupe, kwa kanuni za Marekani chanya ni njano na hasi nyekundu. Nyekundu kuwa hasi imewaponza wengi. Ukiwa na shaka tumia sumaku. Waya wa hasi wa aina K ni alumeli, nao huvutwa na sumaku. Ule wa chanya hauvutwi. Waya ukiwa mfupi, usiunge kwa waya wa shaba, tumia waya wa nyongeza wa aina K, la sivyo namba zitakudanganya kwa nyuzi kadhaa.

Jaribio la taa

Usichomeke tanuri bado. Chomeka taa yenye balbu ya uzi, ile ya zamani inayopata moto. Balbu ya LED haifai hapa, inaweza kufifia-fifia hata rilei ikiwa imezimwa kwa sababu ya ule umeme unaovuja. Kwa sababu hiyohiyo usipime soketi ikiwa tupu. Mita itaonyesha volti karibu kamili hata rilei ikiwa nzima, na utajikuta ukitupa kitu kizuri.

Washa. Weka aina ya kihisi kuwa K na kipimo kuwa selsiasi. Weka lengo nyuzi 4 juu ya joto la chumba linaloonekana kwenye kioo. Taa iwake. Sasa shika kichwa cha themokapo ndani ya kiganja au ukitie kwenye kikombe cha maji vuguvugu: namba ipande, na ikifika lengo taa izime. Namba ikishuka unapokipasha joto, umegeuza waya. Zima, chomoa, rekebisha, usiendelee kabla hujaona ikipanda.

Kisha chomoa themokapo kwenye kidhibiti huku kikiwa kimezimwa, washa tena. Vidhibiti vingi huonyesha alama ya hitilafu na kuzima mzigo. Chako kisipozima taa, kirudishe dukani.

Pima pia usahihi: kwenye barafu iliyopondwa na maji kidogo isome karibu na 0, kwenye maji yanayochemka karibu na 100. Ukiwa sehemu ya mwinuko, maji huchemka mapema, kama nyuzi moja pungufu kwa kila mita 300. Tofauti unaisahihisha kwenye mpangilio wa kidhibiti.

Kukifundisha kidhibiti

Weka mzunguko wa kutolea kuwa sekunde 2. Vingi hutoka kiwandani vikiwa na sekunde 20, ambazo ni za rilei ya kawaida. Weka pia kengele ya joto la juu nyuzi 15 juu ya lengo.

Chomeka tanuri, weka lengo kwenye joto unalotumia zaidi. Kwa kupika kwa moshi wa moto hilo ni kati ya nyuzi 107 na 121. Weka bakuli la maji kama huwa unalitumia, fungua tundu la hewa la juu kama unavyolifungua siku zote, funga mlango, kisha washa mpangilio wa kujipima, ambao kwa kawaida huandikwa AT. Joto litapita lengo, lishuke, lipite tena, mara kadhaa. Inaweza kuchukua saa nzima au zaidi. Usifungue mlango. Kaa karibu.

Baadaye ukiona joto bado linapita lengo kwa nyuzi 6 au 7 wakati wa kupanda kisha linatulia, hiyo ni tabia ya tanuri lenye sufi nene: kidhibiti kinaweza kuongeza joto, hakiwezi kuliondoa. Fungua zaidi tundu la juu, au anza na lengo la chini nyuzi 10 kisha upandishe. Likiyumba bila kutulia, sogeza themokapo kabla ya kugusa namba za P, I na D. Mara nyingi imekaa pabaya.

Moshi utapungua

Hili wengi hushtuka nalo. Vipande vya mti kwenye tanuri hizi huungua kwa joto la koili iliyo chini yake. Themostati ya zamani iliwasha koili dakika kadhaa mfululizo, trei ya vipande ikapata moto kweli, moshi ukatoka. PID ikishafika lengo hutoa umeme kwa vipande vya sekunde, koili haifiki joto lile, na vipande vinabaki vimekauka tu bila kufuka. Joto limenyooka, moshi umekimbia.

Dawa ya kwanza ni kutia vipande mapema, wakati koili bado inafanya kazi mfululizo kupandisha joto, na kufungua kabisa tundu la juu ili koili iendelee kufanya kazi zaidi. Dawa ninayoiamini zaidi ni kutenganisha kazi hizo mbili: bomba la chuma lenye matundu lililojazwa chembe za mti zilizoshindiliwa, unaliwasha upande mmoja, linafuka lenyewe kwa saa kadhaa bila kutegemea koili. Utashangaa jinsi moshi wake ulivyo mwembamba na wa samawati, tofauti na ule mzito mweupe unaoacha uchungu kwenye nyama.

Kidhibiti pia hakikuambii kama chakula kimeiva. Kinapima hewa. Kipimajoto cha nyama kiwe pembeni, na kuku afike nyuzi 74 kwenye nyama nene kabla ya kutolewa.

Siku ya kwanza na zinazofuata

Kasha likae angalau nusu mita kutoka kwenye tanuri, lisiwe juu yake wala kwenye mvua. Kwenye mpiko wa kwanza, baada ya saa moja, zima, chomoa, na usogeze mkono wako karibu na plagi, soketi na kebo bila kuvifinya. Vuguvugu inakubalika. Palipo na moto pana mguso uliolegea. Kila baada ya mipiko kumi hivi fungua kile kifuniko cha mgongoni uzitazame tamino mbili za koili. Zikianza kuwa na rangi ya zambarau au kahawia, kata, bana mpya, rudisha kifuniko.